Kura ya Majani Chai

Nguo ya kwanza niliyoshona hapa Boito ilikuwa kaptura ya nyapara wa shamba la wazungu, na mpaka leo sijaona kaptura nyingine iliyokaa mtu kiunoni kama ile. Nilikuwa nimetoka kwetu, milima ya magharibi, na blanketi moja na sufuria. Nikachuna chai ya wenyewe miaka minne, nikapata cherehani ya mkono, halafu ya miguu. Shule niliiacha darasa la pili, siku mwalimu aliponichapa kwa kosa la mtoto mwingine, na sikurudi. Lakini uhuru ulipokuja na watu wa kawaida wakaruhusiwa kupanda chai, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza barabara yetu kupanda, wa kwanza kuezeka mabati, na wa kwanza kuwa na redio ya betri kubwa. Sisemi haya kujisifu. Nasema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani waliyetaka kumng'oa kwenye kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa cha mwenyekiti wa kamati ya senta, yaani lile banda ambapo wakulima huleta majani, karani akayakagua, akayapima, na lori la kiwanda likayabeba. Mtu wa mjini atacheka akisikia hicho ni kiti. Aje akae huku. Majani ya chai hayangoji. Ukichelewa kupimiwa, yanapashana joto ndani ya kikapu, yanageuka mekundu kama kutu, na karani anakurudishia ukawape ng'ombe, nao pia wanakataa. Anayesema nani apimiwe kwanza ndiye serikali.

Nilipataje kiti hicho? Kulikuwa na vita. Si vya bunduki, lakini vilikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe kabisa, maana waliopigana walikuwa mashemeji, na Jumapili walikuwa wanaimba kwenye benchi moja. Watu wa juu walitaka senta ikae juu, ilipo sasa. Watu wa bondeni waliitaka karibu na daraja. Ilipojengwa juu, wa bondeni wakagoma, wakasema hakuna mtu wa upande wao atapanda kile kilima na kikapu.

Wanawake watatu wajane wa bondeni wakapanda. Mjane hali mgomo, anakula ugali. Asubuhi moja wakaamka, wakakuta mashina yao ya chai yameng'olewa yote, mizizi ikitazama juu. Wiki hiyo hiyo banda likachomwa. Watu wakapigana na rungu siku mbili, mtu mmoja wa juu akatolewa jicho, mpaka chifu akaja na askari.

Mwenyekiti wa wakati huo alikuwa mzee mmoja wa juu, mtu wa maneno machache. Alisuluhisha kwa masharti mawili. Wa bondeni walijenge upya banda walilochoma. Tena wawapandie wale wajane mashina mapya. Mpaka wamalize yote mawili, majani yao yatapimwa mwisho. Banda wakalijenga haraka, na vizuri. Kabla ya kufika kwenye mashina, mzee akashikwa na kifua, akafa. Mimi nilikuwa makamu wake. Walinichagua kwa sababu sikuwa wa juu wala wa bondeni. Nyumba yangu iko katikati, kando ya barabara, na mgeni hana mjomba wa kumpendelea.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuondoa ule mstari wa mwisho wa watu wa bondeni. Nilisimama juu ya debe nikatangaza kwamba vita vimekwisha, na kuanzia leo anayefika kwanza apimiwe kwanza, awe wa juu au wa bondeni. Wa bondeni walinipigia makofi mpaka karani akafikiri kuna harusi. Niliona nimefanya kazi ya mtu mkubwa. Sitaficha pia kwamba watoto wa bondeni walikuwa wengi shuleni, na sare zao zote zilishonwa kwangu. Habari ya mashina ya wajane sikuizungumza. Nilidhani itajimaliza yenyewe, kama mshono mdogo ambao hakuna atakayeutazama kwa ndani.

Basi mwaka uliofuata redio ikaanza habari ya rais wa Amerika. Saa saba mchana nilikuwa naitoa barazani, naifungulia mpaka mwisho, na watu wanakuja hata kama hawana nguo ya kushona. Tulisikia kwamba wabunge wa kule wanataka kumshtaki rais wao na kumtoa. Wengi hatukuamini. Rais anatolewa na nani? Mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi, ambaye alikuwa na mashina machache na kwa hiyo alikuwa mwanachama kama sisi, alitueleza kwa utaratibu. Kwanza nyumba moja ya bunge inaandika makosa, halafu nyumba ya pili inakaa kama kotini na kupiga kura.

"Kwa hiyo kiti si cha mtu," alisema yule nyapara wa kaptura. Alikuwa ameshaacha kazi ya wazungu na sasa ndiye alikuwa mkubwa wa watu wa juu. Mwenye jicho lililotoka alikuwa mdogo wake.

"Kiti ni cha watu, mzee," mwalimu akasema.

"Ahaa." Nyapara akanitazama juu ya kikombe changu mwenyewe, chai yangu mwenyewe ikiwa ndani. "Fundi, umesikia?"

Nilisikia. Siku redio iliposema yule rais ameondoka mwenyewe kabla ya kuondolewa, nyapara alikuja na watu sita.

"Huyo ametoka bila kusukumwa," akaniambia. "Wewe unangoja nini?"

"Nangoja nisukumwe."

"Basi tutasukuma. Kaptura ulinishonea vizuri, fundi, Mungu anajua. Lakini umesamehe watu kwa niaba ya wengine. Jicho la ndugu yangu ulilisamehe wewe? Mashina ya wale akina mama ulisamehe wewe? Yalikuwa yako?"

"Nilileta amani."

"Ulileta wateja."

Wote sita wakacheka, na mke wangu ndani nyumbani pia akacheka, nikamsikia.

Sikulala njaa kwa sababu ya maneno hayo, lakini kazi ilianza kunipotea mkononi. Nilishona mfuko wa shati upande wa kulia. Mimi! Kiti kile kilikuwa kitu pekee nilichopata ambacho sikukinunua wala kukishona, watu walinipa kwa mikono yao, na mtoto aliyetoroka darasa la pili hasahau kitu kama hicho. Nikamwendea mwalimu nyumbani kwake.

"Mwalimu, kule Amerika kuna rais aliyewahi kushtakiwa akabaki?"

Akafikiri, akasema yuko mmoja, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kulikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, rais aliyevishinda akauawa, na makamu wake akachukua kiti. Wakamshtaki wakitaka kumtoa, akapona kwa kura moja tu.

"Makamu?" nikasema.

"Makamu. Tena, utacheka. Alikuwa fundi cherehani."

Nilisimama.

"Hakusoma shule hata siku moja," mwalimu akaendelea. "Mkewe ndiye aliyemsaidia kujua kuandika."

Mke wangu ndiye aliyenifundisha kusaini. Nilihisi kama mtu amenipima shingo bila kunigusa. Fundi, makamu, hana shule, baada ya vita, na akapona!

"Inatosha, mwalimu. Kongoi, asante."

"Lakini sijamaliza, fundi. Sehemu muhimu bado."

"Umemaliza. Amepona, sivyo?"

Nikaenda zangu. Kesho yake kila aliyekuja kupimwa suruali aliipata hadithi hiyo, na kila siku yule fundi wa Amerika alizidi kufanana na mimi, mpaka mtu mmoja akaniuliza kama alikuwa pia na redio.

Mkutano ukaitishwa Jumapili mchana, baada ya kanisa, bandani kwenyewe. Tulikuwa watu arobaini na watatu wenye haki ya kupiga kura. Shida ilikuwa namna ya kupiga. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo karatasi haikufaa. Kuinua mikono kulikuwa hatari, maana kila mtu angeona mkono wa shemeji yake, na rungu zilikuwa bado ziko nyuma ya milango. Nikapata dawa mimi mwenyewe, na hata mwalimu alikiri hakuna kitabu kingemfundisha hiyo. Nje ya banda kuna chai. Kila mtu aende peke yake, achume jani moja, alifiche kiganjani, aje alitie ndani ya kikapu kilichofunikwa leso. Anayetaka mwenyekiti abaki atie jani zuri, yaani lile la majani mawili na chipukizi yakiwa pamoja, kama karani anavyotaka. Anayetaka atoke atie jani gumu la chini, lile linalokataliwa.

"Na kwa nini wewe ndiye uwe chipukizi?" nyapara akauliza.

"Wewe unanionaje, mzee? Kama jani gumu?"

Hata watu wake walicheka, na hivyo ikapita.

Wa kushika kikapu tulimchagua mama mmoja, mkubwa wa wale wajane watatu. Watu wote walimwita kogo, yaani nyanya, hata wazee. Hakuwa na adui. Tena alikuwa na mikono ambayo karani mwenyewe alikuwa anaionyesha kwa vijana. Tangu mashina yake yang'olewe alikuwa anachuna kwa watu, na kikapu chake hakikurudishwa hata mara moja. Kabla ya mzani, kila mchunaji hupitia majani yake kwa vidole na kutupa yale magumu, lakini yeye alikuwa anafanya hivyo akiongea, akisali, akitazama kwingine kabisa.

Wakapita mmoja mmoja. Ilichukua muda, na hakuna aliyesukumana. Wa mwisho alipotia, nyapara akasimama kutoa hotuba, kwa sababu alikuwa hajapata nafasi ya kutukana vizuri. Akageukia watu, na watu wakamgeukia yeye. Mimi peke yangu nilikuwa nimekaa kwenye kiti nikielekea upande wa kogo, hatua mbili hivi.

Kogo aliketi chini na kikapu katikati ya magoti. Alikuwa anasikiliza hotuba, akitikisa kichwa mahali pa kutikisa. Akaiondoa leso, akaikunja vizuri, akaiweka begani. Kisha mkono wake wa kulia ukaingia kikapuni. Nikaona jani gumu likitoka na kuanguka sakafuni. Likaja la pili. Hakuwa anatazama. Vidole vilikuwa vinakagua peke yao, kama siku zote, kama vile karani anakuja.

Ningeweza kusema, "Kogo, acha." Ni maneno mawili. Nilinyamaza. Kila jani lililoanguka lilikuwa adui mmoja amekufa bila mimi kunyanyua kidole. Moja likapeperuka likaja mpaka kwenye kiatu changu. Nikalikanyaga.

Nyapara alipomaliza, mwalimu akachukua kikapu akamwaga mezani, akahesabu kwa sauti. Majani mazuri ishirini na moja. Majani magumu manane. Wa bondeni wakapiga kelele ya furaha, lakini mwalimu akainua mkono.

"Ishirini na tisa," akasema. "Tulitia arobaini na watatu."

Halafu mtu mmoja akaona sakafu.

"Yametupwa! Kura zetu zimetupwa!"

Mdogo wa nyapara, yule wa jicho moja, akamsimamia kogo kichwani. "Amekushonea rinda gani huyu fundi, mama? Sema! Amekuahidi rinda gani?"

"Rinda?" Kogo alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Sasa mlitaka nipeleke majani mabaya mezani? Tangu lini majani mabaya yakafika mezani?"

Baadaye watu walicheka neno hilo miaka mingi, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Vijana wa juu walikuwa wametoka nje tayari, na tulijua wameenda kuchukua nini. Wa bondeni nao wakaanza kusimama. Nilisikia harufu ya lile banda la kwanza likiungua, ingawa hakuna kilichokuwa kinaungua.

Kogo alikuwa ameelewa. Akaweka mkono mdomoni, akautoa.

"Mnasema nimenunuliwa," akasema, si kwa sauti kubwa. "Mimi nilitia jani gumu. Nilitafuta gumu kabisa, la chini ya shina, lenye madoa. Fundi ni mtu mzuri, ana chai nzuri kwenye kikombe. Lakini wale waliong'oa mashina yangu walipimiwa mbele yangu, na yeye alikuwa juu ya debe akicheka. Nilitaka atoke. Mkono huu ndio umenisaliti, si mimi."

Vijana waliokuwa wamerudi mlangoni na rungu wakasimama pale pale.

Mwalimu akapiga magoti, akaanza kuokota. Watu wakampisha. Akaweka majani mezani moja moja, akahesabu. Yalikuwa kumi na matatu.

"Kumi na matatu na manane ni ishirini na moja," akasema. "Ishirini na moja kwa ishirini na moja. Moja halionekani. Huenda mtu mmoja hakutia."

"Zikilingana inakuwaje?" mtu akauliza.

"Zikilingana, sheria yetu inasema mwenyekiti ndiye anaamua."

Watu wote wakanigeukia. Sijawahi kutazamwa na watu wengi namna ile, na nimetazamwa sana. Ilikuwa rahisi. Ningesema neno moja na ningekaa, kama yule mwenzangu wa Amerika, kwa kura moja, na jani lingebaki chini ya soli mpaka nifike nyumbani. Nilianza hata kufungua mdomo.

"Fundi," kogo akasema. "Inua mguu. Chai haikanyagwi."

Sijui kama aliliona. Nimejiuliza sana, na yeye sikumuuliza. Labda aliona ncha yake ikitokeza. Labda alisema tu kama anavyowaambia watoto wote wanaopita karibu na vikapu. Niliinua mguu. Nikainama mwenyewe nikaliokota, limepondeka, limeshika matope ya kiatu, lakini lilikuwa gumu, na madoa yake yalionekana. Nikaliweka mezani na yale mengine.

"Ishirini na mbili," nikasema. "Mwalimu, andika."

Nikatoka kitini, nikakisukuma kwa nyapara. Hakukaa mara moja. Alikipangusa kwanza kwa mkono, na mimi nikaona amevaa suruali niliyomshonea mwaka uliopita. Hakuna aliyepiga makofi, na rungu zilirudi nyuma ya milango bila mtu kuzitaja. Nimesikia habari za watu wengi waliotolewa kwenye viti, wakubwa kwa wadogo. Sijasikia mwingine aliyeleta kura ya kumtoa kwa mkono wake mwenyewe. Wapo? Waje waseme.

Jioni yake mwalimu alipita kwangu, nikamwambia sasa amalize ile hadithi. Akaimalizia amesimama barazani. Yule fundi alibaki kitini, ndiyo, lakini alikuwa amewasamehe upesi waliokuwa wakimiliki watumwa, wakarudi kwenye mashamba yao na kwenye serikali zao, na wale waliotoka utumwani wakaachwa mikononi mwao bila wa kuwatetea. Walikaa hivyo muda mrefu sana.

"Ungeniambia hiyo mapema," nikasema.

"Nilijaribu, fundi."

Nyapara akarudisha ule mstari wa mwisho. Wa bondeni walinung'unika wiki mbili, majani yao yakageuka mekundu mara nne, halafu wakashika majembe. Asubuhi waliyoanza kupanda, nilifunga duka, nikashuka bondeni na miche kutoka kitalu changu, maana kitalu kizuri kilikuwa kimoja tu sehemu hizo, na kilikuwa changu. Wa bondeni walinitazama kama msaliti. Wa juu waliopita njiani walinitazama kama mwendawazimu. Kogo alinipa kibuyu cha mursik, maziwa yaliyoganda, akanionyesha mahali pa kuanzia.

Nilipanda mistari mitatu peke yangu siku ile. Sasa mashina yamefungana, yanachunwa, na wiki iliyopita nilipita pale nikasimama kuyatazama. Yamenyooka kama mshono wa suruali ya harusi. Kogo, ambaye macho yake hayaoni vizuri siku hizi, anasema mstari wa pili umepinda karibu na jiwe. Haujapinda.